Marafiki Wawili wa Margareta

Laurentine aliwaambia watoto wake habari ile Jumapili moja baada ya ibada, akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda na viatu bado viko miguuni. Josiane, binti yake mkubwa aliyekuwa akiishi naye pale Iroquois, kusini mwa jiji la Louisville, Amerika, alisimama mlangoni na mwiko mkononi. Wale wawili wengine walikuwa kwenye simu ya video, Jules akiwa Columbus na Chimène akiwa Buffalo.

"Papa Enoki ameniomba tuoane," akasema. "Nimemwambia nitaenda kwanza kuona mahali anapoishi."

Chimène, kitinda mimba, ndiye aliyeanza kucheka.

"Papa Enoki yupi? Yule wa Nakivale? Yule alikuwa anaongoza kwaya na suruali fupi?"

"Suruali ile walimpa watu wa msaada," Laurentine akasema. "Hakujichagulia."

Jules hakucheka. "Na anaishi wapi?"

"Uingereza."

"London?"

"Hapana. Kijijini. Panaitwa Marlby. Iko na kanisa, na nyumba chache, na ng'ombe."

"Mama, donc, tulikimbia kijiji, tukakaa kambini mpaka tukasahau rangi ya mlango wetu, tumefika huku, sasa wewe unarudia kijiji?"

"Bon, hiki ni kijiji kingine," akasema, na akainama kuvua viatu ili mwanawe asimwone uso.

Huyo Papa Enoki jina lake ni Zihindula. Katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kule Uganda, walikokimbilia kutoka Kongo, nyumba yake na nyumba ya Laurentine zilitegemeana ukuta mmoja wa udongo. Mkewe, Margareta, na Laurentine walipika kwenye jiko moja kwa miaka, wakalea watoto kwa zamu, wakagombana na kupatana mara nyingi kiasi kwamba hakuna aliyejali tena nani ameanza. Kisha majina ya watakaohamishiwa ng'ambo yalitoka. Familia ya Laurentine ikaitwa Kentucky, ya Zihindula ikaitwa Uingereza, na wale wanawake wawili wakaagana barabarani, kila mmoja akimsukuma mwenzake apande gari kwanza.

Balagizi, mume wa Laurentine, alifariki Louisville, na Zihindula akapiga simu kumpa pole. Baadaye Margareta naye akaugua na kufariki, na safari hii Laurentine ndiye aliyepiga. Simu hizo hazikukoma. Zihindula hakuwa mtu wa maneno matamu. Alizungumza habari za ng'ombe wa maziwa aliowatunza katika shamba la mzungu mmoja: nani amezaa, nani mkorofi, nani kwato zinamuuma. Siku moja Laurentine akiwa kazini, kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli, alijikuta ameshikilia shuka hewani akiwaza kama yule ng'ombe mwenye kwato mbaya ameamka vizuri. Hapo ndipo alipojua kwamba jambo limeshaingia moyoni.

Basi akaenda. Ilikuwa mwezi wa kumi. Enoki, mtoto wa Zihindula, alimpokea uwanja wa ndege na kumwendesha njia ndefu iliyozidi kuwa nyembamba, hadi ikafika mahali ambapo gari mbili haziwezi kupishana na matawi yanakwaruza vioo. Enoki ndiye aliyepata kazi Marlby kwanza, akawaleta wazazi wake pale shambani; kisha yeye akahamia mjini, na mzee akakataa kumfuata.

Zihindula alikuwa anangoja mbele ya kanisa, amevaa koti la kazi na kofia ya sufu. Alikuwa amepungua mwili. Walishikana mikono muda mrefu, bila kukumbatiana, kwa sababu ya Enoki aliyekuwa akitoa mizigo.

"Umefika, Mama Josiane," akasema.

"Nimefika. Ni baridi."

"Leo si baridi."

Haikufaa alale chini ya paa la mwanamume ambaye hajamwoa, kwa hiyo Zihindula alikuwa amemwombea chumba kwa jirani. Jirani huyo aliitwa Hilary, mwalimu mstaafu, mrefu, mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi na mbwa aliyelala kwenye kochi kama mwenye nyumba. Alikuwa na adabu. Alimwonyesha Laurentine bafu, taulo, blanketi la ziada, jinsi ya kuwasha taa ya ngazi. Aliweka kila kitu karibu na mgeni isipokuwa yeye mwenyewe. Hakuuliza safari ilikuwaje. Hakuuliza watoto ni wangapi.

Asubuhi ya kwanza Laurentine alifungua dirisha akadhani kuna msiba. Hakuona mtu. Iroquois, saa kama ile, watoto wangekuwa wanakimbilia basi la shule, jirani Mburundi angekuwa anapasha gari moto huku redio inaimba, na Josiane angekuwa ameshaita majina yote ya nyumba ile. Hapa kulikuwa na kuta za mawe, kondoo, na ukungu uliokaa juu ya nyasi bila haraka. Alikaa akisikiliza, na kitu pekee alichokisikia kilikuwa masikio yake mwenyewe.

Alijifunza mambo mengine polepole. Alijifunza kwamba basi linapita mara mbili kwa juma na ukilikosa umelikosa. Alijifunza kwamba padri mmoja anahudumia vijiji vitano, hivyo Jumapili nyingine kanisa lina watu na nyingine lina njiwa tu. Alishangaa kuona watu wakikatiza katikati ya shamba la mtu bila hodi, kisha wanafunga geti na kuendelea, na mwenye shamba anawapungia mkono. Na siku mke wa mwenye shamba alipomwambia aende kwake jioni kwa chai, alishiba kwanza bugali na sombe za majani ya muhogo alizopika kwa Zihindula, ndipo akaenda kunywa hiyo chai. Akakuta meza imejaa pai ya nyama, viazi na mboga. Watu wa kule chakula cha jioni wanakiita chai. Alikula vyote, kwa heshima, na usiku tumbo likamkatalia usingizi.

Zihindula alimcheka mpaka akafuta macho. Hilary, aliposimuliwa, alitabasamu kidogo tu na kwenda kumtoa mbwa nje.

Lakini jambo lililomsumbua Laurentine halikuwa chakula wala ukimya. Nyuma ya mlango wa jiko la Zihindula, kwenye msumari, palikuwa na kitenge cha buluu chenye ndege wa njano. Alikijua. Alikuwa na Margareta siku ile sokoni alipokinunua, na Laurentine ndiye aliyebembeleza bei. Sasa kilining'inia pale kimekunjwa vizuri, kama mwenyewe katoka mara moja kuchota maji. Kila alipoinuka kuosha sahani kilimgusa bega.

Alitaka kwenda kaburini peke yake. Asubuhi moja, Zihindula akiwa kwenye kukamua, alivaa buti za kuazima, akakatiza shamba kama wenyeji, akafunga geti, akaingia uwanja wa kanisa. Makaburi ya zamani yalikuwa yameinama huku na huku. La Margareta lilikuwa pembeni, karibu na ukuta. Na mtu alikuwa amepiga magoti pale, anakata majani kwa mkasi.

Alikuwa Hilary. Kwenye gudulia la kioo palikuwa na maua mapya.

Aliposikia hatua alisimama haraka, akapangusa magoti.

"Afadhali nikuambie ukweli," Hilary akasema. Kiingereza chake hakikufanana na cha Louisville, lakini siku hiyo alisema taratibu. "Bwana Zihindula aliponiomba nikupe chumba, nilitaka kukataa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu Margareta alikuwa rafiki yangu. Kisha nikasikia kuna mama anakuja kutoka Amerika. Sikuweza kufurahi. Samahani."

Laurentine alitazama jina lililochongwa kwenye jiwe. Waliliandika sawasawa, herufi zote.

"Alikuwa rafiki yangu pia," akasema. "Tulikaa jirani kambini miaka kumi na moja. Mtoto wangu wa mwisho alizaliwa mikononi mwake."

Hilary aliuweka mkasi chini. "Bwana Zihindula hakuniambia. Alisema tu, mama kutoka nyumbani."

"Wanaume," Laurentine akasema. "Habari za ng'ombe angekupa zote."

Hapo Hilary alicheka, kicheko kifupi kilichomtoka bila ruhusa. Alikaa juu ya ukuta mdogo wa mawe, na Laurentine naye akakaa, ingawa mawe yalikuwa na umande.

"Hatukuwahi kuzungumza, unajua," Hilary akasema. "Hakuwa na Kiingereza, na mimi sina lugha yenu. Alianza kuja mchana, mumewe akiwa kazini. Anaingia jikoni kwangu, anakaa, tunamenya njegere. Yeye anasema yake, mimi nasema yangu. Mume wangu alikuwa amefariki mwaka ule. Sikutaka kuongea na mtu, halafu nikaona kukaa na huyu si kuongea. Alipougua nilikwenda mimi kwake. Nilimsomea gazeti. Alikuwa anacheka mahali pasipo na kichekesho." Akachuma jani moja la nyasi. "Nimejiuliza mara nyingi alikuwa anasema nini siku zote zile."

"Unakumbuka neno hata moja?"

"Moja. Salamu yake. Kila akiingia alikuwa anasema, sogea. Basi na mimi nikawa namjibu, sogea. Nilikuwa namwambia hivyo hivyo hata siku za mwisho. Naingia chumbani, namwambia sogea, na yeye anacheka."

Laurentine alijaribu kujizuia, akashindwa. Alicheka akiwa ameshika ukuta, machozi yakamtoka.

"Siyo salamu?" Hilary akauliza.

"Hapana. Ni kumwambia mtu asonge kidogo, upate pa kukaa."

Uso wa Hilary ukafanya kitu ambacho Laurentine hakuwa amekiona tangu afike. Ulilegea wote kwa pamoja.

"Mbwa," akasema. "Alikuwa anamwambia mbwa, apishe kwenye kochi. Na mimi nikamwambia mgonjwa asogee, na maskini alikuwa anasogea. Alikuwa anasogea kweli. Anajivuta pembeni mwa kitanda, nami nakaa."

"Basi alikuelewa," Laurentine akasema.

Walikaa pale mpaka umande ukapenya kwenye sketi. Laurentine alimsimulia Margareta ambaye Hilary hakumjua: kwamba sauti yake ya kuimba ilikuwa mbaya, na mumewe, kiongozi wa kwaya, hakuthubutu kumtoa, kwamba kwenye foleni ya maji aliogopwa na wanaume, kwamba aliwahi kumtandika askari wa kambi kwa ufagio kwa sababu ya kuku, kisha akamletea mchuzi wa kuku yule yule. Hilary naye akamsimulia yule ambaye Laurentine hakumwona: Margareta aliyejifunza kupenda theluji, aliyepanga vibanio vya nguo kwa rangi, aliyelala usingizi kanisani na kichwa chake kikaegemea bega la Hilary, na Hilary hakutikisika mpaka wimbo wa mwisho.

Tangu siku hiyo nyumba ile ilibadilika. Asubuhi Hilary aligonga mlango na kikombe cha chai, akakaa kwenye kiti cha chumbani wakazungumza. Aliuliza watoto ni wangapi. Aliuliza majina yao, akayatamka vibaya, akayarudia.

Siku chache kabla ya kuondoka, Laurentine alisimama na Zihindula kwenye geti jioni, ng'ombe wakipita mmoja mmoja kwenda zizini, wazito, wanapumua moshi. Zihindula alimwita kila mmoja kwa jina.

"Papa Enoki," Laurentine akasema. "Kile kitenge nyuma ya mlango."

Zihindula hakugeuka. "Nikiondoe?"

"Sikusema ukiondoe. Nauliza kama mimi nitapata msumari."

Alifikiri. Hakuwa mtu wa kujibu ovyo. Ng'ombe wawili walipita.

"Nitapiga mwingine," akasema. "Karibu na ule. Mlango ni mpana." Kisha akaongeza, "Kuna siku nitakosea nitakuita kwa jina lake. Ujue si kwa kusudi."

"Na mimi kuna siku nitakuita Balagizi."

"Nitaitika."

Laurentine alicheka, akaweka mkono wake juu ya mkono wa Zihindula pale kwenye geti, na safari hii hakuna aliyekuwa anatoa mizigo.

Aliporudi Louisville, Josiane hakuhitaji kuambiwa. Alimtazama mama yake akiburuta sanduku uwanjani, akasema, "Utaenda," na akamkumbatia. Kazi ilikuwa kwa Jules. Sikukuu ya Shukrani ilikuwa inakaribia na Chimène alikuwa amewaita wote kwake Buffalo, kwenye nyumba yake ya kupanga pale East Side. Laurentine alipanda basi mpaka Columbus ili asafiri na Jules kwa gari, wawili tu, apate kumwambia ana kwa ana.

Alimwambia kabla hawajatoka mjini. Jules aliendesha mpaka walipoanza kuona ziwa upande wa kushoto, la kijivu kama bati.

"Ukiugua kule?" akauliza hatimaye.

"Kuna daktari mji wa jirani. Ndiye alimtunza Margareta. Nimeuliza kila kitu."

"Donc utafia huko."

"Jules, mimi ninaenda kuishi."

Upepo wa ziwani ulikuwa umeanza kurusha theluji nyembamba barabarani. Walisimama kuongeza mafuta, na Jules aliporudi ndani ya gari na kikombe cha chai cha mama yake, hakuwasha injini.

"Nimejenga chumba," akasema, akitazama mbele. "Kwangu, chini, penye ilikuwa gereji. Hakina ngazi. Kwa sababu ya magoti yako. Nimeweka na choo chake. Bado rangi tu."

Laurentine alishika kikombe kwa mikono miwili. Alikuwa amelala usiku wa jana yake nyumbani kwa mwanawe, kwenye kochi, na mlango wa gereji ulikuwa umefungwa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka kiishe kwanza."

Ni mtoto huyu ambaye kule kambini alimjengea mama yake kigoda kwa mbao za sanduku la msaada, akakificha chini ya kitanda mpaka alipomaliza kukipiga msasa kwa jiwe. Laurentine alilikumbuka hilo, na kwa mara ya kwanza tangu Marlby moyo wake ukayumba. Lau angemwambia wakati ule asiende, pengine asingeenda.

"Kipake rangi," akasema. "Nitakuja kila kiangazi. Nitalala humo, na mume wangu atalala humo. Uchague rangi nzuri, si ile ya hospitali."

Jules alipangusa pua kwa mkono wa koti. "Anakuheshimu?"

"Ananisikiliza. Nikisema kitu anafikiri kwanza."

"Bon," Jules akasema, akawasha gari.

Jioni ile, jikoni kwa Chimène, bata mzinga akiwa bado kwenye oveni, Jules aliomba simu. Baba yao hakuwepo, wajomba hawakuwepo, kwa hiyo yeye ndiye aliyepaswa kusema. Akavaa sauti nzito ambayo dada zake hawajawahi kuisikia.

"Papa Enoki. Umemwomba mama yetu. Sisi ni Bashi. Mwanamke haondoki kwetu bila ng'ombe."

Chimène aliziba mdomo kwa kitambaa cha sahani. Upande wa pili Zihindula alikaa kimya, na Laurentine alijua kwamba anafikiri.

"Hawa si wangu," akasema. "Lakini nitazungumza na mwenyewe."

Walidhani ni mzaha ulioishia hapo. Kabla ya Krismasi ilifika picha: ndama jike, mweusi kwa mweupe, masikio yamesimama, na Zihindula kando yake amevua kofia kama mtu anayepigwa picha ya harusi. Alikuwa amemnunua kwa tajiri wake kwa kazi za jioni, kukarabati kuta za mawe. Ndama ni wa Jules, alisema, atakaa Marlby atunzwe, kwa sababu Columbus hakuna nyasi za kumtosha.

Jules aliitazama picha ile muda mrefu. Akauliza anaitwa nani. Akaambiwa mwenye ng'ombe ndiye anayetoa jina. Alitumia juma zima, akampa jina la bibi yake.

Ndoa ilifungwa Louisville mwezi wa nne, kwenye kanisa la Waswahili wa Iroquois, ibada iliyoanza mchana na kumalizika giza likiingia. Hilary alikuja na kofia, akakaa mstari wa mbele, akasinzia kwenye mahubiri ya pili, na Josiane akampa bega.

Sasa Laurentine anaishi Marlby. Ukimya bado unamsumbua siku nyingine, hasa Jumapili ambazo padri yuko vijiji vingine. Siku hizo anaweka kwaya kwenye simu kwa sauti ya juu mpaka wapita njia wanasimama getini. Sombe anazipata zikiwa zimegandishwa, Enoki anapomletea kutoka mjini. Amejifunza kuuliza habari za mvua kabla ya kuuliza habari za watu. Mchana anakwenda kwa Hilary, na wanazungumza mpaka mbwa anachoka nao.

Kiangazi cha kwanza, kabla yeye hajaenda Columbus kulala kwenye chumba chake, Jules alikuja mwenyewe. Alisema anakuja kumwona mama. Alifika, akamsalimu mama, akanywa chai, kisha akauliza ng'ombe wake yuko wapi. Zihindula akampa buti, wakatoka pamoja, na Laurentine akawatazama kutoka dirishani wakikatiza shamba, mmoja akionyesha kwa fimbo, mwingine amefunga mikono nyuma kama tajiri. Akaweka maji ya bugali jikoni, kwa sababu alijua watakawia.